Kitabu cha "usalama" kinakaa rafu gani? Mwongozo wa kuainisha vitabu vya ulinzi, vita na jeshi

Kuna kitabu cha usalama mahali pa kazi, mambo ya kofia ngumu, miwani ya kinga, namna ya kupanda na kushuka ngazi ndefu, nilikikuta rafu ya 355, namba ya vitabu vya jeshi, kimebanwa kati ya kitabu cha mbinu za askari wa miguu na kingine cha silaha za nyuklia. Nikafungua jalada nikaangalia ile karatasi ya tarehe za kuazima, tupu, hata muhuri mmoja hamna, na maktaba yenyewe ilikuwa inajaa kila siku vijana wanaosomea ufundi ambao ndo hasa wangekihitaji. Aliyekiainisha aliona neno usalama kwenye jalada akakipeleka kwa wanajeshi, kitabu kikafa pale kikiwa kipya kabisa. Mimi mambo kama haya yananiuma kwasababu kitabu kilichokaa rafu isiyo yake ni sawa na kitabu kilichoibiwa, tofauti ni kwamba hiki katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, inaendelea kusema kipo.

Sasa eneo hili la usalama, ulinzi na jeshi ni kati ya maeneo yanayosumbua sana kuainisha, na nimeona niandike hatua kwa hatua jinsi ya kulifanyia kazi, kwa mtu anayeendesha maktaba ndogo, anayesomea ukutubi, au hata msomaji tu anayetaka kujua vitabu anavyotafuta vimejificha wapi.

Hatua ya 1: Jua maktaba yako inatumia mfumo gani, na usichanganye

Mifumo utakayokutana nayo zaidi ni mitatu. Wa kwanza ni wa desimali wa Dewey, aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, unagawa elimu yote kwenye madaraja 10 na jeshi limewekwa 355 hadi 359, ndani ya sayansi ya jamii. Wa pili ni wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani, huu una madaraja 21 na unatumia herufi, jeshi wamelipa herufi U na wanamaji wakapewa herufi yao wenyewe, V. Vyuo vikuu vingi vinatumia huu. Wa tatu ni ule wa UDC (Universal Decimal Classification), uliotokana na wa Dewey, walioujenga Wabelgiji wawili Paul Otlet na Henri La Fontaine, na nao unaweka mambo ya kijeshi 355 hadi 359. Huyu La Fontaine alikuwa mpigania amani maisha yake yote na mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, yaani mtu aliyesaidia kutengeneza nyumba ya vitabu vya vita alikuwa anahangaika usiku na mchana vita visitokee. Napenda kuwakumbusha watu hilo wanapodhani kwamba kupanga vizuri vitabu vya jeshi ni kushabikia jeshi.

Hapa nitatumia zaidi namba za Dewey kwasababu ndo ziko kwenye maktaba nyingi ndogo, alafu nitakuja kwenye herufi za Kongresi.

Hatua ya 2: Fungua kitabu, usiishie kwenye jalada

Jalada limeandikwa na watu wa mauzo. Wewe unayeainisha anza nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye haki za kunakili, vitabu vingi vya wachapishaji wakubwa vina taarifa za katalogi zilizochapwa tayari, utakuta namba ya Kongresi na ya Dewey zimekaa pale kwa maandishi madogo. Zitumie kama ushauri, nitaeleza baadaye kwanini sio kama amri. Alafu soma yaliyomo, soma utangulizi hasa zile kurasa ambapo mwandishi anasema "kitabu hiki kinahusu", na soma walau kurasa mbili tatu za sura ya mwisho, kwasababu mwandishi anaweza kuanza na historia ya vita ukadhani ni historia kumbe hoja yake yote ni sera ya ulinzi na vita vyenyewe vilikuwa mfano tu. Angalia pia mwandishi ni nani, ni mwanasheria? ni ofisa mstaafu wa jeshi? ni mtu wa kompyuta? Sio uthibitisho lakini inakupa fununu. Mimi huwa naandika kwa penseli kwenye kikaratasi sentensi moja tu, "hiki kitabu kinajibu swali gani", na nikishindwa kuiandika hiyo sentensi najua sijakielewa kitabu, narudi kukisoma.

Hatua ya 3: Uliza nani analinda, analinda nini, dhidi ya nini

Hii ndo hatua kubwa na ukiifanya vizuri zilizobaki zinakuwa nyepesi. Kiswahili chetu kina neno moja usalama kwa mambo mawili tofauti, kuna usalama wa kutoumia kwa ajali na kuna usalama wa kutoshambuliwa na mtu, na vyote tunaita usalama, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kinadanganya kwa jina lake kuliko hata cha Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe kina mtego wake, lile neno lao la usalama, security, ndo hilo hilo kwenye hifadhi ya jamii, ambayo ni 368.4, na kwenye hati za soko la hisa, ambazo ziko 332.63, sasa ukitafuta kwa neno tu kwenye kompyuta unavuna kila kitu.

Chukua maswali matatu uyapitishe kwenye kitabu. Mfanyakazi asiumie kiwandani, hiyo ni 363.11, na ndo pale kitabu changu cha kofia ngumu kilipotakiwa kuwa. Ajali za barabarani ni 363.125. Chakula kisiwe na sumu wala vijidudu ni 363.192, lakini kama hoja ni nchi iwe na chakula cha kutosha, yaani uzalishaji na ugavi, hiyo ni uchumi, 338.19. Usalama wa ndege nao ni vitabu viwili, ndege isianguke ni 363.124, ndege isitekwe inaenda upande wa huduma za polisi na ulinzi, 363.28. Polisi kwa ujumla wako 363.2 na kampuni binafsi za ulinzi na wapelelezi binafsi 363.289. Data zisiibiwe kwenye kompyuta, 005.8, kule mwanzo kabisa mwa rafu, mbali na askari. Ulinzi wa kampuni na siri zake za biashara, 658.47. Raia wajikinge wakati wa mashambulizi au maafa, ule ulinzi wa raia, 363.35.

Ni pale tu ambapo anayelinda ni jeshi au dola kwa nguvu za kijeshi, na kinacholindwa ni nchi, ndo unafika 355. Na hata hapo bado, kwasababu kama kitabu kinazungumzia nchi na nchi zinavyohusiana, ni 327. Kama kinazungumzia sheria za kimataifa za vita, nani aruhusiwe kupigwa na nani asiguswe, ni 341.6. Sheria za ndani zinazohusu jeshi ziko 343.01. Kama ni mwanasosholojia anauliza kwanini binadamu wanapigana, ni 303.66.

Ugaidi nauongelea peke yake kwasababu ndo unaovuruga rafu nyingi. Vitabu vya zamani utavikuta 303.625, umehesabiwa kama aina ya mgogoro ndani ya jamii. Vipya vingi viko 363.325, umehesabiwa kama tatizo la jamii na namna ya kulizuia. Ukiwa unaeleza dola inavyoutumia kama chombo cha sera dhidi ya dola nyingine ni 327.117, na kama ni makosa ya jinai mahakamani ni 345.02317. Zote nne ni sahihi kwa vitabu tofauti. Kosa ni kuwa na vitabu vitano vinavyojibu swali lile lile alafu umevitawanya sehemu nne kwasababu uliviainisha miaka tofauti bila kuangalia ulifanya nini mwanzo.

Hatua ya 4: Tenganisha vita vilivyotokea na elimu ya vita

Kitabu kinachosimulia vita fulani vyenye jina na miaka kinaenda kwenye historia, daraja la 900, sio 355. Vita vya Kwanza vya Dunia ni 940.3 na mapigano yake 940.4, Vita vya Pili ni 940.53 na mapigano yake 940.54, Vita vya Vietnam 959.704. Kitabu cha wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918 kinakaa 940.4 hata kama kurasa nyingi zinaongelea chakula, magonjwa na mishahara yao, kwasababu bila vita vile hadithi yenyewe isingekuwepo. Kumbukumbu za askari aliyepigana vita fulani zinafuata vita vile. Lakini maisha ya jenerali aliyetumikia miaka arobaini kwenye vita tofauti tofauti na kwenye amani, huyo yuko 355.0092.

Kitabu kinachofundisha vita kwa ujumla, vita ni nini, vinapangwaje, vinashindwaje, hicho ndo cha 355. Clausewitz, jenerali wa Prussia ambaye kitabu chake kuhusu vita kilitoka 1832 yeye akiwa ameshafariki, ametumia mifano kibao ya vita vya Napoleon lakini hoja yake ni vita vyenyewe kama kitu, kwa hiyo Dewey anamweka 355.02 na Kongresi wanampa U102. Jirani yake hapo U101 ni Sun Tzu, Mchina wa zamani za kale. Hawa wawili wanakaa bega kwa bega kwenye kila maktaba inayotumia mfumo huo na mimi kila nikipita hapo nasimama, ndo raha ya uainishaji ukifanywa kwa akili. Kinyume chake, Mahan wa Marekani aliyeandika mwaka 1890 kuhusu nguvu za baharini, Kongresi wamemweka D27, kwenye historia, japo kila mwanamaji anamsoma kama mwalimu wa mkakati. Wangeweza kumweka V na nisingewalaumu. Nachotaka uone ni kwamba uamuzi ulifuata mwili wa kitabu, na mwili wa kile kitabu ni masimulizi ya vita vya baharini vya karne ya 17 na 18.

Hatua ya 5: Ukishafika 355, shuka ngazi polepole

Watu wengi wakifika 355 wanashusha pumzi wanaandika 355 wanafunga. Ukiwa na vitabu sita sawa, lakini ukiwa na sitini, rafu nzima ina namba moja na msomaji inabidi asome migongo yote. Kwa hiyo shuka.

355.02 ni vita vyenyewe kama somo, ndani yake 355.0217 ni vita vya nyuklia na 355.0218 ni vita vya msituni. 355.03 ni hali na sera ya kijeshi, na hapa ndo makao ya usalama wa taifa, ushirika wa kujihami kati ya nchi ni 355.031. 355.1 ni maisha ya askari, mila zao, sare, stahili za waliomaliza utumishi. 355.2 ni rasilimali, hasa watu, namna wanavyoandikishwa kwa hiari au kwa lazima. 355.3 ni muundo na watumishi. 355.4 ni operesheni, na hapa tenganisha vizuri, 355.41 ni lojistiki na huduma za kusaidia vita, 355.42 ni mbinu za uwanjani, 355.43 ni mkakati. Mbinu na mkakati watu wanavichanganya kila siku, kipimo changu ni kwamba mbinu ni ya kushinda pambano lililo mbele yako na mkakati ni wa kushinda vita vyote. 355.5 ni mafunzo, 355.6 utawala na bajeti, 355.7 kambi na majengo, 355.8 silaha na vifaa.

Sasa mtego wa sifuri. Kwenye namba nyingi za Dewey kamusi ya somo inapata 03, sifuri moja. Kwenye 355 sifuri moja tayari imechukuliwa, 355.03 ni sera ya kijeshi, kwa hiyo kamusi au ensaiklopidia ya kijeshi inakuwa 355.003, sifuri mbili. Jarida ni 355.005, historia ya taasisi za kijeshi kwa ujumla ni 355.009, wanawake jeshini ni 355.0082 na watoto waliotumikishwa kama askari 355.0083. Nimeshaziona kamusi za kijeshi zimekaa katikati ya vitabu vya usalama wa taifa kwa ajili ya sifuri moja tu iliyosahaulika. Nenda kaangalie rafu yako leo, pengine na wewe unayo.

Hatua ya 6: Kama kitabu ni cha tawi moja la jeshi, toka 355

Hii ni fupi. Askari wa miguu 356, wa farasi 357, mizinga na vifaru 358.1, silaha za kemikali 358.34, jeshi la anga 358.4, jeshi la majini 359, nyambizi 359.93, walinzi wa pwani 359.97. Kinachorahisisha ni kwamba 359 inafuata mpangilio ule ule wa 355, sera ya majini inakuwa 359.03 na operesheni zake 359.4, ukishaijua moja umeijua na nyingine. Kitabu kikiongelea matawi yote pamoja kinabaki 355.

Hatua ya 7: Ongeza nchi, kama nchi ndo kiini

Dewey ana jedwali la maeneo, Marekani ni 73, Uingereza 41, Japani 52, Tanzania 678, Kenya 6762. Sera ya kijeshi ya nchi fulani inaanzia 355.0335, ukibandika 73 unapata 355.033573, sera ya ulinzi ya Marekani. Ukibandika 52 unapata 355.033552, ya Japani. Kwa Kenya inakuwa 355.03356762, na hapa ndo pana mjadala, namba imekuwa ndefu haitoshi hata kwenye mgongo wa kitabu chembamba. Ushauri wangu ni kwamba maktaba ndogo ikate pale inapotosha, lakini ikate kwenye kiungo chenye maana, sio katikati. 355.0335 ina maana, 355.03356 bado ina maana, ni Afrika, lakini 355.033567 ukiiacha hapo haimsaidii sana mtu anayepita rafuni. Na maktaba iliyobobea kwenye mambo ya nchi yake isikate, huko ndo wasomaji wake wanakotaka undani.

Hatua ya 8: Kitu kimoja, rafu nyingi

Shika bunduki kama mfano. Mhandisi anaeleza bunduki ya kivita inavyoundwa na inavyofanya kazi, 623.44. Fundi anaeleza kutengeneza na kukarabati silaha ndogo za kawaida, 683.4. Ofisa anaeleza jeshi linavyonunua, linavyotunza na kugawa silaha zake, 355.8. Mchumi anafuata biashara ya silaha kati ya nchi na nchi, 382.456234. Mwanadiplomasia anataka zipunguzwe kwa mikataba, 327.174. Mtu wa sera za ndani anataka raia wasizimiliki kiholela, 363.33. Mtu wa sanaa anapenda nakshi za panga na deraya za zamani, 739.7. Na mwindaji, 799.2. Ukiwa na vitabu vinane vyote vina picha ya silaha kwenye jalada, unaweza kuhitaji rafu nane, na kila kimoja kitakuwa kimefika kwa wenzake wanaouliza swali kama lake.

Ujasusi ni vile vile. Ujasusi kati ya mataifa ni 327.12, intelijensia ya kijeshi 355.3432, upelelezi wa polisi 363.25, majasusi wa Vita vya Pili wanarudi 940.5485 na namba zinazofuata hapo, na wa makampuni wako 658.47. Walinzi wa amani nao wanagawanyika, ukiangalia upande wa sheria na mashirika ya kimataifa ni 341.584, ukiangalia vikosi vyenyewe kama jeshi la kimataifa ni 355.357.

Hatua ya 9: Kitabu kikiwa na mada mbili

Hapa usihukumu kwa hisia, Dewey ana kanuni na ni nzuri. Kwanza, kama hamna mada inayoiathiri nyingine, iliyopewa nafasi kubwa zaidi inashinda. Pili, kama kitu kimoja kinakiathiri kingine, kitabu kinaenda kwa kinachoathiriwa, kwa hiyo kitabu cha jinsi kompyuta zilivyobadilisha mkakati wa vita kinaenda 355.43, sio kwenye kompyuta, na cha jinsi vita vilivyoharibu misitu kinaenda kwenye mazingira. Tatu, mada mbili zikiwa na uzito sawa na hamna inayoathiri nyingine, chagua ile ambayo namba yake inatangulia, polisi na jeshi kwa usawa inakuwa jeshi, kwasababu 355 iko kabla ya 363. Nne, mada zikifika tatu au zaidi ndani ya somo moja kubwa, panda juu kwenye namba inayozifunika zote.

Wanaotumia UDC wao wana nafuu, wana alama ya nukta mbili ya kuunganisha, 355:004 inasema jeshi likihusiana na kompyuta, na nchi wanaiweka kwenye mabano. Ninauonea wivu mfumo huo hasa kwa vitabu vya siku hizi ambavyo kila kimoja kimegusa mambo matano.

Hatua ya 10: Kwa wanaotumia herufi za Kongresi

U peke yake ni sayansi ya kijeshi kwa ujumla, U162 mkakati, U165 mbinu, U240 vita vya msituni, U263 vita vya nyuklia. UA ni majeshi ya nchi na hali ya ulinzi, UA10.5 ndo usalama wa taifa, UA23 ni Marekani. UB utawala, na intelijensia ya kijeshi inaanzia UB250. UC matunzo na usafirishaji, UD miguu, UE farasi na vifaru, UF mizinga, UG uhandisi na anga, UH huduma nyingine kama tiba. V ni wanamaji, VA majeshi ya majini ya nchi, VE askari wanamaji wa kushuka pwani. Ila VK na VM ziko V lakini ni usafiri na ujenzi wa meli kwa ujumla, hata meli za kiraia, kwa hiyo usishangae kukuta unahodha wa meli ya mizigo huko.

Nje ya U na V ndo kuna msitu. Usalama wa kimataifa na amani JZ, ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa JZ6374, sheria za mataifa KZ, ugaidi HV6431, usalama wa data QA76.9.A25, wa mitandao TK5105.59, na vita vya mtandaoni vinarudi kwa wanajeshi, U167.5.C92. Hizo tatu za mwisho ukiziona pamoja ndo unaelewa swali la hatua ya 3, kompyuta ile ile, mdukuzi pengine yule yule, lakini anayelinda na anacholinda ni tofauti.

Hatua ya 11: Linganisha na wenzako, alafu amua kwa ajili ya wasomaji wako

Tafuta kitabu hicho hicho kwenye katalogi za maktaba kubwa mtandaoni, ya Kongresi iko wazi kwa kila mtu, uone wamekipa namba gani. Ukikuta tofauti usiogope. Kuna namba zilitolewa kabla kitabu hakijatoka, kwa kusoma muhtasari wa mchapishaji, kitabu kikaja kivingine. Kuna namba za toleo la zamani la Dewey. Na kuna maktaba inayohudumia chuo cha polisi ambayo kwa haki kabisa imevuta vitu upande wake. Swali ni je, msomaji wako akitafuta jambo hili atasimama rafu gani kwanza? Ukishaamua, andika uamuzi kwenye daftari la maamuzi, tarehe, kitabu, namba, na sababu kwa mstari mmoja. Hilo daftari ndo linaokoa maktaba mfanyakazi akihama, nimeona mahali ambapo kila aliyekuja alianza upya na 355 ikawa na tabia nne tofauti.

Kwenye katalogi weka vichwa vya mada zaidi ya kimoja. Kitabu kwenye rafu kinaweza kusimama sehemu moja tu lakini kwenye katalogi kinaweza kupatikana kwa njia tano, kwa hiyo ile mada iliyoshindwa kwenye hatua ya 9 hapa ndo unailipa haki yake.

Na tafadhali, usivifungie vitabu hivi kabatini eti kwasababu vina neno ugaidi au silaha. Namba ya uainishaji inasema kitabu kinahusu nini, haisemi ni siri, na wala haisemi anayekiazima ni mtu wa namna gani. Wanaokuja kwenye 363.325 ni wanafunzi, waandishi wa habari, wanasheria, na watu waliopoteza ndugu zao wanaotaka kuelewa kilichotokea. Orodha ya nani kaazima nini ni ya msomaji mwenyewe na maktaba, basi.

Hatua ya 12: Lebo na mpangilio wa rafuni

Kwenye Dewey soma tarakimu moja moja baada ya nukta. 355.0218 inatangulia 355.03, na 355.343 inatangulia 355.4, japo jicho la mgeni linaona 343 kubwa kuliko 4. Kwenye Kongresi ni kinyume kidogo, U yote inaisha kwanza ndo inaanza UA, na namba baada ya herufi ni namba nzima, kwa hiyo U21 iko kabla ya U102. Lakini ile sehemu ya mwandishi inayoanza na nukta na herufi inasomwa kama desimali, .C55 inatangulia .C6. Mfundishe hivi kila anayerudisha vitabu rafuni, mpe vitabu kumi avipange mbele yako, ukimaliza hapo ameelewa.

Ukihamisha kitabu kilichokuwa na namba mbaya, badilisha katalogi kwanza, alafu namba ya penseli nyuma ya ukurasa wa jina, alafu lebo ya mgongoni, toa ya zamani kabisa usibandike juu yake kwasababu ikija kubanduka kitabu kitarudi kule kule. Acha kadi pale kilipokuwa, iandike kimehamia wapi, ikae miezi kadhaa. Kile cha kofia ngumu tulikifanyia hivyo hivyo, kikatoka 355 kikaenda 363.11, na kadi yake tuliiacha pale kati ya askari wa miguu na nyuklia.